Kisukari: Jinsi ya kupunguza wanga pale ambapo wanga ndio chakula chenyewe

Katika sekta ya Giheke, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, chakula cha kila siku hutoka shambani: mihogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, mahindi na maharage. Kwa hiyo mtu anapogunduliwa kuwa na kisukari na kushauriwa apunguze wanga, anachoambiwa ni kwamba apunguze sehemu kubwa ya chakula alicho nacho.

Ushauri huo una msingi wa kisayansi. Hata hivyo, ukitolewa kwa sentensi moja tu, unaweza kumdhuru mgonjwa. Kinachopunguzwa kwenye sahani ni lazima kipate mbadala, na dawa ni lazima zirekebishwe kulingana na mlo mpya. Mambo hayo mawili yasipozingatiwa, mgonjwa aliyeanza kwa nia njema huishia kushinda na njaa, kudhoofika, au kupoteza fahamu kwa sababu sukari imeshuka kupita kiasi.

Wanga hufanya nini mwilini

Wanga ni kundi la virutubisho vinavyoupa mwili nguvu. Hupatikana kwa wingi katika nafaka, mizizi, ndizi na sukari. Tumbo likishamaliza kazi yake, sehemu kubwa ya wanga huwa imegeuka kuwa glukosi, yaani sukari inayosafiri ndani ya damu. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo huiwezesha sukari hiyo kuingia katika misuli na viungo vingine.

Kwa mtu mwenye kisukari aina ya kwanza, kongosho halitoi insulini, au hutoa kidogo mno. Kwa mwenye aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi duniani, insulini ipo lakini mwili hauitikii ipasavyo, na kadiri miaka inavyopita kongosho nalo huchoka. Katika hali zote mbili sukari hubaki kwenye damu. Ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na mishipa ya damu ya moyo na miguu.

Kati ya virutubisho vyote, wanga ndio unaopandisha sukari ya damu kwa kasi na kwa kiwango kikubwa zaidi. Protini na mafuta huipandisha polepole na kwa kiasi kidogo. Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo ya chakula na mgonjwa wa kisukari kuanzia kwenye wanga.

Ushauri uliotangulia insulini

Kupunguza wanga si jambo jipya. Karne ya 19, daktari Mfaransa Apollinaire Bouchardat aliona kuwa baadhi ya wagonjwa wake walipata nafuu wakati mji wa Paris ulipozingirwa na majeshi ya Prussia mwaka 1870 na 1871, chakula kilipokuwa cha mgawo. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Mmarekani Frederick Allen aliwapa wagonjwa wake chakula kidogo mno, hasa wanga. Baadhi yao waliishi kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, lakini wengi walibaki mifupa mitupu, na wapo waliokufa kwa njaa yenyewe.

Insulini ndiyo iliyobadili hali hiyo. Iligunduliwa mjini Toronto, Canada, mwaka 1921, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Tangu hapo hakuna sababu ya mgonjwa kuachwa akonde hadi kufa kwa ajili ya kuishusha sukari. Kisa cha wagonjwa wa Allen kinafaa kukumbukwa kila mara neno “punguza” linapotajwa mbele ya mtu asiye na akiba ya chakula.

Utafiti wa sasa unasemaje

Mwaka 2019, Chama cha Kisukari cha Marekani kilitoa ripoti ya wataalamu kuhusu lishe. Ripoti hiyo ilieleza kuwa kupunguza jumla ya wanga ndiyo njia ya lishe yenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha kiwango cha sukari. Hata hivyo ilisisitiza kuwa hakuna kipimo kimoja cha wanga kinachomfaa kila mgonjwa.

Mapitio ya majaribio 23 yaliyochapishwa katika jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2021 yalionesha kuwa watu wenye kisukari aina ya pili waliopunguza wanga walipata nafuu kubwa zaidi katika miezi sita ya kwanza. Baada ya mwaka mmoja, tofauti kati yao na waliofuata mlo mwingine ilikuwa imepungua. Sababu moja iliyo wazi ni kwamba mlo mkali ni mgumu kuufuata kwa muda mrefu. Mabadiliko madogo yanayodumu humfaa mgonjwa kuliko makubwa yanayoachwa baada ya mwezi.

Utafiti mwingine unaotajwa mara nyingi ni ule ulioitwa DiRECT, uliofanyika Scotland na kaskazini mwa England kwa watu 306. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliopewa mlo wenye nguvu kidogo walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha kisukari bila kutumia dawa. Hata hivyo washiriki hao walikuwa na uzito mkubwa, hawakuwa wakitumia insulini, na waligunduliwa kuwa na ugonjwa huo katika miaka sita iliyotangulia. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mkulima mwembamba wa Rusizi.

“Mbona wazee wetu walikula mihogo?”

Swali hili huulizwa mara kwa mara, nalo lina mantiki. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, alishuhudia kuwa kisukari kilikuwa nadra miongoni mwa Waafrika aliowatibu, ingawa chakula chao kilikuwa karibu wanga mtupu. Mwaka 1975 alichapisha dhana kwamba tofauti ilitokana na nyuzinyuzi, sehemu ya mmea isiyomeng’enywa tumboni, ambayo hupotea nafaka inapokobolewa na kusagwa laini.

Nyuzinyuzi pekee hazielezi kila kitu. Watu wa zama hizo walitembea kwa miguu, walilima kutwa, wengi hawakuwa na uzito mkubwa, na wagonjwa kadhaa walikufa kabla ya kupimwa. Lakini hoja ya msingi ingali na uzito: wanga uliomo ndani ya haragwe zima hufika kwenye damu polepole, ilhali ule wa unga uliosagwa laini, mkate mweupe au soda hufika kwa haraka.

Kuna jambo jingine ambalo jibu la wazee haligusi. Mtu ambaye tayari ana kisukari hana tena uwezo waliokuwa nao wazee hao wa kuhimili sahani ileile. Chakula kisichomdhuru mwenye kongosho zima huweza kumdhuru mwenye kongosho lililochoka.

Sahani ya Giheke kwa hesabu

Gramu 100 za muhogo uliochemshwa huwa na takribani gramu 38 za wanga. Kwa uzito huohuo, ndizi za kupika zilizochemshwa huwa na takribani gramu 30, wali gramu 28, viazi mviringo gramu 20 na viazi vitamu gramu 18 hadi 20. Maharage yaliyopikwa huwa na takribani gramu 23, lakini gramu sita au saba kati ya hizo ni nyuzinyuzi, na huongezea gramu nane au tisa za protini. Mboga za majani zina wanga kidogo sana. Samaki, nyama na mayai karibu hayana kabisa.

Mtu mzima aliyetoka shambani anaweza kula nusu kilo ya mihogo kwa mlo mmoja bila kuona kuwa amezidisha. Mlo huo pekee una takribani gramu 190 za wanga. Kwa kulinganisha, wataalamu wengi huita mlo “wenye wanga kidogo” pale ambapo jumla ya siku nzima haizidi gramu 130.

Sasa mihogo ipunguzwe hadi gramu 200, na nafasi yake ichukuliwe na gramu 200 za maharage, rundo la mboga za majani, nusu ya parachichi na konzi ya dagaa. Wanga wa mlo huo unashuka hadi takribani gramu 130, tena sehemu kubwa ya nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari. Lakini jumla ya nguvu inayopatikana inakaribiana na ile ya nusu kilo ya mihogo. Mgonjwa hushiba na kurudi shambani, jambo ambalo lisingewezekana kama mihogo ingeondolewa na sahani kuachwa nusu tupu.

Kwa anayetaka kipimo kisichohitaji mizani, njia inayofundishwa katika kliniki nyingi ni ya kuigawa sahani. Nusu yake iwe mboga, robo iwe chakula chenye protini, na robo iliyobaki iwe wanga. Ngumi ya mgonjwa mwenyewe hutosha kuwa kipimo cha ugali au ndizi. Ikiwa familia hula pamoja kutoka sinia moja, ni bora mgonjwa apakuliwe chake kwanza, kwani ni vigumu kujua mtu amekula kiasi gani katika sinia la wote.

Mbadala uliopo karibu

Rwanda ni miongoni mwa nchi zinazokula maharage mengi zaidi duniani kwa kila mtu. Hiyo ni faida kubwa kwa mgonjwa wa kisukari, mradi uwiano ugeuzwe: maharage yawe ndiyo mlo na mihogo iwe kitoweo, badala ya kinyume chake. Njegere, choroko na karanga hufanya kazi hiyohiyo, ingawa karanga zina mafuta mengi na hutosha kwa konzi moja.

Ziwa Kivu, linalopakana na wilaya hiyo, hutoa sambaza, samaki wadogo waliopandikizwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huuzwa wabichi au waliokaushwa katika masoko ya pande zote mbili za mpaka, Kamembe na Bukavu. Hawana wanga, na kiasi kidogo chao hutosha kuupa mlo protini. Waliokaushwa kwa chumvi waloweshwe kwanza, hasa kwa mwenye shinikizo la damu.

Kisamvu, ambacho Wanyarwanda hukiita isombe, ni mfano wa mmea mmoja wenye sura mbili: mzizi wake ni wanga karibu mtupu, lakini majani yake yana protini na nyuzinyuzi. Hupaswa kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu ili kuondoa sumu iliyomo kwa asili. Mchicha, majani ya maboga, kabichi, bilinganya na nyanya chungu huweza kuliwa kwa wingi.

Namna ya kupika ina uzito wake. Kiazi kitamu kilichochemshwa hupandisha sukari polepole kuliko kilichookwa. Ugali wa unga wa muhogo, ambao unga wake mkavu huwa na zaidi ya gramu 80 za wanga katika kila gramu 100, ni mzito kuliko unavyoonekana. Ndizi ya kupika ikiwa mbichi ni afadhali kuliko iliyoiva.

Sukari inayonywewa

Hatua ya kwanza, iliyo rahisi na isiyomlaza mtu njaa, ni kuacha sukari iliyo katika vinywaji. Soda ya kawaida ya mililita 300 huwa na gramu 30 hivi za sukari. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari, ikinywewa mara tatu kwa siku, huongeza gramu nyingine 40. Juisi ya matunda, hata ikikamuliwa nyumbani, hupandisha sukari haraka kuliko tunda lenyewe, kwa kuwa nyuzinyuzi huachwa nje.

Uji mwembamba wa unga laini, uliotiwa sukari, nao huingia katika kundi hili. Pombe ya ndizi iitwayo urwagwa na ile ya mtama iitwayo ikigage zina wanga, lakini hatari yake haiishii hapo. Pombe hulizuia ini lisitoe akiba yake ya sukari, hivyo mgonjwa anayetumia insulini akinywa bila kula anaweza kushukiwa na sukari usiku akiwa usingizini. Walio karibu naye huweza kudhani amelewa tu.

Dawa zibadilike pamoja na sahani

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kipimo cha insulini hupangwa kulingana na chakula ambacho mgonjwa amezoea kula. Akipunguza wanga kwa nusu huku akidunga kipimo kilekile, insulini huwa nyingi kuliko sukari iliyopo. Vivyo hivyo kwa vidonge kama glibenklamidi, ambavyo hulisukuma kongosho litoe insulini. Metfomini, ikitumiwa peke yake, mara chache huleta tatizo hilo.

Sukari huhesabiwa kuwa imeshuka inapokuwa chini ya miligramu 70 kwa desilita, sawa na milimoli 3.9 kwa lita. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, hasira zisizo na sababu na kuchanganyikiwa. Mgonjwa apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Dalili zikiendelea, arudiwe. Akishapata nafuu, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu chochote mdomoni, bali awahishwe hospitalini.

Kosa la upande wa pili ni kuacha dawa kwa kuamini kuwa mlo unatosha. Mwenye kisukari aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini, hata asipokula wanga kabisa. Kiu kali, kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi nzito na harufu kama ya matunda yaliyovunda mdomoni ni dalili za sumu ya asidi katika damu, hali inayoua ndani ya siku chache au saa chache.

Wasiopaswa kupunguza kwanza

Si kila mgonjwa wa kisukari ana uzito uliozidi. Katika vijiji vya Afrika na Asia wapo vijana wembamba ambao ugonjwa wao unahusishwa na utapiamlo wa muda mrefu, pengine tangu utotoni. Aina hii ilielezwa nchini Jamaica mwaka 1955. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiweka katika orodha yake mwaka 1985 na kuiondoa mwaka 1999. Aprili 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, lililokutana Bangkok, liliitambua rasmi kama kisukari aina ya tano. Makadirio yake ni kwamba watu kati ya milioni 20 na 25 duniani wanayo.

Kwa mtu wa namna hiyo, kumwambia apunguze chakula ni kumwongezea ugonjwa. Anahitaji kula zaidi, hasa protini, huku akitibiwa chini ya uangalizi wa daktari. Mgonjwa yeyote anayekonda bila kutaka aseme hivyo kliniki kabla ya kugusa sahani yake.

Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha nao hawapaswi kuanza mlo wenye wanga kidogo bila mwongozo. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi cha protini kinachomfaa, kwa kuwa maharage na samaki wengi huenda wasimfae. Anayekusudia kufunga, iwe ni Ramadhani au Kwaresima, apange mapema na mhudumu wake wa afya namna ya kutumia dawa.

Chungu kimoja, nyumba nzima

Mara nyingi anayeugua si yeye anayepika, wala si yeye anayepanga fedha za sokoni. Kupika vyungu viwili huongeza kuni, kazi na gharama, na hudumu kwa siku chache tu. Njia inayodumu ni chungu kimoja chenye maharage na mboga nyingi zaidi kwa wote, kisha tofauti ifanywe wakati wa kupakua: mgonjwa apate mihogo kidogo, na watoto na wanaofanya kazi ngumu wapate zaidi. Mlo huo hauwadhuru wasio na kisukari, na huwakinga walio katika hatari ya kukipata, kwani aina ya pili hupatikana zaidi katika koo zilizo na historia yake.

Pa kuanzia

Nchini Rwanda, matibabu ya magonjwa yasiyoambukiza hayako tena katika hospitali kubwa pekee. Yameshushwa hadi hospitali za wilaya na vituo vya afya, ambako wauguzi waliofunzwa huwafuatilia wagonjwa. Bima ya afya ya jamii, maarufu kama mutuelle, huwapunguzia wanachama gharama za matibabu. Wahudumu wa afya ya jamii katika kila kijiji wanaweza kumwelekeza anayehitaji kupimwa.

Sukari ya miligramu 126 kwa desilita au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi, sawa na milimoli 7 kwa lita, huashiria kisukari ikithibitishwa kwa kipimo cha pili. Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kukonda ghafla na vidonda visivyopona ni sababu za kwenda kupimwa bila kungoja.

Kwa ambaye tayari anatibiwa, siku ya kliniki ni vyema aeleze kwa ukweli anachokula: ni nini, kiasi gani, saa ngapi, na ni miezi ipi chakula huwa haba nyumbani. Kisha amuulize muuguzi au daktari maswali mawili kabla ya kupunguza wanga: “Dawa zangu zitabadilikaje?” na “Nitakula nini badala yake?”